Nani Anaruhusiwa Kukua? Kitongoji, Jokofu na Mtoto wa Maktaba katika Goodbye, Columbus ya Philip Roth

Novela ya Philip Roth, Goodbye, Columbus, iliyochapishwa mwaka 1959 pamoja na hadithi fupi tano, husomwa zaidi kama kisa cha mapenzi ya kiangazi kimoja kati ya vijana wawili Wayahudi wa New Jersey wanaotenganishwa na tabaka. Usomaji huo una msingi. Neil Klugman, mwenye umri wa miaka 23, anaishi na jamaa zake mjini Newark na kufanya kazi katika maktaba ya umma. Brenda Patimkin anasoma Radcliffe, na familia yake imekwishahamia Short Hills, kitongoji cha wenye nacho. Hata hivyo, usomaji huo unampita mhusika ambaye ndiye hasa kipimo cha ukuaji wa Neil: mtoto mweusi asiyepewa jina, anayekuja maktabani kutazama kitabu cha picha za Gauguin.

Roth anakisawiri kitongoji kwa vitu kuliko kwa maelezo. Neil anaupima kwa futi 180 ambazo Short Hills imeinuka juu ya Newark. Katika chumba cha chini cha akina Patimkin anakuta jokofu kuukuu, lile lile walilolitumia zamani walipoishi Newark, sasa limefurika pichi, plamu na cheri. Anakula. Baadaye, anapokataa kumwachia Julie, mdogo wake Brenda, ashinde katika tenisi ya meza kama wengine wanavyomwachia, binti huyo anamwita mwizi wa matunda. Tukio ni dogo, lakini lina mwangwi maktabani, ambako mfanyakazi mwenzake Neil anamshuku mtoto mweusi kwa sababu tu anakaa muda mrefu mno kwenye sehemu ya sanaa. (Mtoto mwenyewe alipoiulizia, alitamka neno “sanaa” likasikika kama “moyo”.) Wote wawili ni wageni wanaotazama neema isiyo yao, na Neil analitambua hilo: anamficha mzee mmoja kitabu kile ili mtoto asikikose, na ndotoni anajiona naye katika meli inayosukumwa mbali na kisiwa.

Udugu huo haudumu. Neil anakwenda likizo Short Hills. Anaporudi, kitabu kimeazimwa na mtoto haonekani tena. Anajifariji kwamba labda ni heri kwake kuacha kuota visiwa asivyoweza kuvifikia. Je, kinaya hapa ni cha mwandishi au ni ubaridi wa msimulizi? Usimulizi wa nafsi ya kwanza hauna sauti nyingine ya kumsahihisha Neil, na mgawanyo wa kurasa unamhukumu Roth mwenyewe: harusi ya Ron, kaka yake Brenda, inasimuliwa kwa kirefu na kwa ucheshi mkubwa, ilhali mtoto anaondolewa kwa mistari michache.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika wazo la Neil kwamba watu weusi wa Newark wanafuata njia ile ile waliyopita Wayahudi, kutoka mitaa duni kuelekea vitongojini. Historia ya makazi hailiungi mkono. Tangu miaka ya 1930, Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba ilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya watu weusi, na ikapendelea vitongoji vilivyowafungia mlango. Ngazi aliyoipanda mzee Patimkin haikuachwa imesimama. Novela inakaribia kuliona hili inapoonyesha kwamba biashara yake ya sinki iko katika mtaa wa weusi wa Newark, na kwamba wanaopakia mzigo ni wao. Lakini Neil anayatazama hayo kama mandhari tu.

Mwishoni, baada ya kuvunjika kwa uchumba, Neil anasimama usiku mbele ya kioo cha maktaba ya Harvard akijitazama, kisha anapanda treni na kuwahi kazini asubuhi ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Anarudi kwenye rafu zile zile alizokuwa akizizunguka mtoto, na hamkumbuki.