Hatua za Tuckman: Uhakiki wa Fundisho Kuhusu Kazi ya Kikundi

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Mmarekani Bruce Tuckman alichapisha makala juu ya ukuaji wa vikundi vidogo. Alieleza kwamba kikundi hupitia hatua nne: wanakikundi hukutana na kupimana, huzozana, huafikiana juu ya kanuni zao, ndipo hutenda kazi kwa umoja. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen waliongeza hatua ya tano, yaani kuagana. Fundisho hili limeenea mno katika mafunzo ya uongozi, nasi tunaowaandaa watu kuongoza kamati na mabaraza ya wazee yatupasa kulipima kabla ya kulipokea.

Sifa yake ni dhahiri. Tuckman anatuonyesha kwamba mzozo si lazima uwe dalili ya kushindwa. Mwenyekiti aliyelielewa hilo hataogopa sauti ya kwanza ya upinzani, wala hatakimbilia kuufunga mjadala kwa sala. Tena, katika kila hatua Tuckman alitenganisha mahusiano ya wanakikundi na kazi yenyewe. Tofauti hiyo husahauliwa kwa urahisi darasani, yakabaki majina ya hatua tu, ambayo kwa Kiingereza yana vina na hukaririka upesi.

Hata hivyo tunaona udhaifu wa namna tatu. Kwanza, ushahidi wake. Tuckman alipitia maandishi 50 ya watafiti wengine, na sehemu kubwa yalihusu vikundi vya tiba ya nafsi, jambo alilolikiri mwenyewe. Watu waliokusanyika ili wapate nafuu hawana siku ya kukabidhi jengo. Kamati ya ujenzi inayo.

Pili, suala la wakati. Mwaka 1988 Connie Gersick alichapisha utafiti wa vikundi vinane vyenye kazi halisi na siku maalumu ya kumaliza. Hakuuona mfululizo ule wa hatua. Kila kikundi kilishika njia yake tangu kikao cha kwanza, kikaifuata hadi karibu nusu ya muda wake, kisha kikageuka ghafla. Vikundi vinane ni vichache, lakini vyatosha kututahadharisha.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, neno "hatua" laweza kuficha dhuluma. Katika Matendo 6 tunasoma manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani, kwamba wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Kama mitume wangalisema kwamba hiyo ni hatua ya mpito, wajane wangaliendelea kukosa chakula. Mitume walisikiliza, kazi ikagawanywa, watu saba wakachaguliwa. Mzozo ule ulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilishughulikiwa.

Hatusemi kwamba fundisho hili litupwe. Twapendekeza lifundishwe kama dhana ya kuchunguzwa. Mwanafunzi na aketi na kamati au kwaya, kwa idhini yao, tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Aandike nani alinena, nani alinyamaza, uamuzi ulibadilika lini na kwa nini. Kisha alinganishe aliyoyaona na hatua za Tuckman. Akifika usharikani atakuwa amezoea kutafuta chanzo cha manung'uniko kabla ya kuyapa jina.