Sifa ya Vibainishi vya Kiingereza

Katika lugha ya Kiingereza hakuna neno liandikwalo mara nyingi kuliko "the", na pengine hakuna linalofikiriwa kidogo zaidi na wale waliozaliwa nalo. Mwingereza, awe waziri au mchukuzi, hulitia mahali pake bila kusita, na akiulizwa sababu hutabasamu tu, kwa kuwa hajapata kuihitaji. Sisi wengine, ambao lugha hiyo tumeikuta darasani, tunalazimika kuwa na sababu. Na katika kulazimika huko, naona mimi, kuna ustadi ambao haujapata msifu wake. Wapo wasifiwao kwa wingi wa msamiati, wapo wasifiwao kwa matamshi, lakini ni nadra kusikia mtu akisifiwa kwamba ajua pa kutia "a", pa kutia "the" na pa kunyamaza. Ni kazi iliyo mfano wa kalafati ya jahazi: pamba iliyopigwa baina ya mbao haimvutii mtazamaji aliyesimama pwani, wala hatauliza nani aliyeipiga, lakini maji huihoji tangu nanga inapong'olewa.

Anayeketi kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS mjini Nairobi au Dar es Salaam, awe kijana atafutaye nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo au muuguzi atakaye kazi Uingereza, hupewa dakika 60 za kuandika maandishi mawili, ya kwanza yasipungue maneno 150 na ya pili yasipungue 250. Mtahini hupima mambo manne kwa uzito ulio sawa, na moja katika hayo ni sarufi, upana wake na usahihi wake. Hakuna alama maalumu inayokatwa kwa kila kibainishi kilichokosekana, na kwa sababu hiyo watahiniwa wengi hulidharau jambo lenyewe, wasijue kwamba daraja ya 7, kwa upande wa sarufi, hudai sentensi zisizo na kosa zitokee mara kwa mara. Basi mtu aliyeandika kwa fikira njema na maneno mateule, akadondosha "the" moja tu katika kila sentensi, amejinyima sentensi zote safi alizostahili kuwa nazo, kila moja kwa kosa ambalo lingalikuwa peke yake lisingalimdhuru. Na asivunjike moyo akumbukaye kwamba mtihani wa Cambridge wa kupima umahiri wa Kiingereza, ulipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1913, ulipata watahiniwa 3 tu, na wote 3 walianguka.

Walimu wetu aghalabu huanza kwa orodha: mito hutiwa "the", maziwa hayatiwi, na kadhalika mpaka ukurasa ukajaa. Orodha hizo, kwa maoni yangu, huja mapema mno. Kabla yake kuna swali moja ambalo mwandishi wa Kiingereza hujiuliza mbele ya kila nomino, hata asipojijua kuwa anajiuliza: je, msomaji wangu amekwisha kukijua kitu hiki ninachokitaja, au ndiyo kwanza anakisikia? Swali hili ni la adabu kuliko kuwa la sarufi, kwa maana humlazimisha anayeandika kukaa, kwa muda wa kufumba na kufumbua, katika akili ya mtu mwingine. Mtahini ni mgeni asiyemjua mwandishi, na wala hakuingia naye katika chumba cha fikira zake. Kumwandikia "the problem" pahala ambapo hapajatajwa tatizo lolote ni kumwonyesha kwa kidole kitu asichokiona. Na kumwandikia "a problem" mara ya pili na ya tatu, juu ya tatizo lile lile, ni kumfanya ahesabu matatizo matatu penye moja.

Wala swali hilo si geni kwetu. Msimulizi wa hadithi wa pwani asemapo kwamba paliondokea sultani mmoja, katika kauli ifuatayo hamwiti tena sultani mmoja. Humwita yule sultani, kwa kuwa wasikilizaji wamekwisha kujulishwa naye, na lau angelirudia "mmoja" wangelidhani ameingia barazani sultani wa pili. Kazi ya "a" na "the" ndiyo hiyo, na hata nasaba yao ni hiyo hiyo, maana "an" limetokana na neno la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya moja, na "the" limetokana na kiashiria cha wakati huo. Tena Kiswahili kina njia nyingine, iliyo latifu zaidi, ambayo imejificha ndani ya kitenzi. Asemaye "nimenunua kitabu" analeta habari mpya. Asemaye "nimekinunua kitabu" anazungumza na mtu ambaye kitabu hicho kimekwisha kupita baina yao. Kwa watu na wanyama hiari hiyo karibu hatuna, kwani "nimemwona mtu" husemwa hata kwa mtu asiyejulikana, lakini kwa vitu hukumu hiyo hutolewa kila siku sokoni na jikoni na watoto ambao hawajaona daftari. Kwa hiyo Mswahili haingii mtihanini mikono mitupu. Insafu ya kupambanua kijulikanacho na kisichojulikana anayo tangu utotoni. Tafauti ni kwamba amezoea kuitoa penye haja, na Kiingereza humdai aitoe kila mara, apende asipende, na aitoe kabla ya nomino.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Kiingereza kimezigawa nomino zake katika zinazohesabika na zisizohesabika, na katika mgawanyo huo hakikumshauri mtu. Maji na mchanga kuwa havihesabiki, hilo akili hulikubali. Lakini kuna hoja gani kwamba "furniture", "equipment", "advice" na "information" ziwekwe pamoja na mchanga? Sisi huhesabu vifaa viwili na habari tatu bila ya dhambi, ndiyo maana kalamu zetu huandika "an advice" na "an equipment" kwa moyo mweupe kabisa. Hapa busara haisaidii kitu. Yapasa kuzihifadhi nomino hizi moja moja, pamoja na tabia zake, kama mtu ahifadhivyo majina ya wakwe.

Lakini palipo na uzuri wa ustadi huu ni pale ambapo sentensi mbili zote ni sahihi na kila moja ina maana yake. Katika maandishi ya kwanza ya mtihani wa IELTS mtahiniwa huonyeshwa aghalabu jedwali au mchoro wa tarakimu auelezee, na hapo hukutana na mtego wa "the number of" na "a number of". La kwanza ni idadi yenyewe, nacho kitenzi chake huwa cha umoja. La pili ni kadhaa wa kadhaa, na kitenzi chake huwa cha wingi. Aandikaye "a number of students" akikusudia idadi ya wanafunzi iliyopanda mwaka hata mwaka amemwambia mtahini jambo jingine kabisa, ingawa kila neno lake limo katika kamusi. Kadhalika "few" na "a few". Mwenye "few friends" ni wa kuhurumiwa, kwa kuwa marafiki zake ni haba. Mwenye "a few friends" anao wa kumtosha, na huenda idadi ya marafiki wa watu hawa wawili ikawa sawa. Herufi moja imebeba huzuni yote ya sentensi, na sijui lugha ngapi zinaweza kufanya hivyo kwa bei rahisi namna hiyo.

Baina ya "a" na "an" huamua sikio, wala si jicho: "an hour" kwa sababu h yake haitamkwi, "a university" kwa sababu u yake huanza kwa sauti ya y. Aliyepita chuoni akasomeshwa herufi za jua na herufi za mwezi hatastaajabu, maana lamu ya kibainishi cha Kiarabu nayo husikika katika "al-qamar" na humezwa katika "ash-shams". Sisi wenyewe tumeirithi bila kujua, tukaiganda katika alfajiri na alasiri kwa lamu yake wazi, na katika adhuhuri kwa lamu iliyomezwa. Waingereza nao sikio limewachezea: vazi walilolipokea kutoka Kifaransa kama "napron" lilisikika hivi hata "a napron" ikawa "an apron", na nyoka wao "nadder" akapoteza herufi yake ya kwanza kwa njia hiyo hiyo akawa "adder".

Katika majina ya mahali hakuna ila kusikia na kuhifadhi. Rufiji ni "the Rufiji" na bahari yetu ni "the Indian Ocean", lakini Ziwa Tanganyika na Mlima Kenya husimama bila kitu. Zanzibar haitiwi, Komoro hutiwa.

Yule muuguzi wa Nairobi, ambaye baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linamtaka apate 6.5 katika kuandika, atakutana huko na tafauti ambayo pengine hakufundishwa. Mgonjwa aliyelazwa husemwa yuko "in hospital", na muuguzi amhudumiaye husemwa yumo "in the hospital", nao wako katika chumba kimoja. Sababu ni kwamba kauli ya kwanza hutaja hali ya kulazwa na ya pili hutaja jengo. Vivyo mtoto aendaye kusoma huenda "to school", na baba yake aendaye kulipa ada huenda "to the school". Wamarekani, kwa upande wa hospitali, hawaifuati tafauti hiyo, na wote wawili huwaweka "in the hospital". Nao watahini wa IELTS huzikubali desturi za pande zote mbili. Katika hili mimi nampendelea Mwingereza, kwani kwa kuondoa neno moja amekwisha kutuambia ni nani katika chumba kile aliye mgonjwa.