Superfish: Programu Iliondoka, Cheti Kikabaki

Laptopu mpya haiji mikono mitupu. Ukiiwasha tu unakuta imeshajaa wageni: kinga ya virusi ya majaribio itakayoanza kudai pesa baada ya muda, michezo usiyoiomba, vikumbusho vya mtengenezaji. Wenye programu hizo humlipa mtengenezaji ili ziwekwe humo, naye faida yake kwenye mashine za bei nafuu ni ndogo, kwa hiyo hakatai. Wengi wetu tunaingia Paneli Dhibiti, tunafuta, tunaendelea na shughuli. Mara nyingi inatosha. Kwa Superfish haikutosha.

Mwaka 2014 kampuni ya Lenovo ilianza kuuza laptopu za matumizi ya nyumbani, baadhi zikiwa za familia za G50, Y50, Z50 na Yoga 2, zikiwa na programu ya VisualDiscovery kutoka kampuni ya Superfish ya California. ThinkPad, zile za maofisini, hazikuguswa. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kutazama picha za bidhaa kwenye kurasa unazofungua, kisha kukuletea matangazo ya bidhaa zinazofanana nazo. Hadi hapo ni kero tu. Lakini kurasa zinazolindwa kwa HTTPS hazisomeki na mtu wa kati, na Superfish ilitaka kuzisoma nazo. Ikajipachika baina ya kivinjari na intaneti, ikawa inafungua mawasiliano, inayasoma, kisha inayafunga upya. Kivinjari kisipige kelele, iliingiza cheti chake yenyewe, yaani kitambulisho cha kidijitali, katika orodha ya mamlaka zinazoaminiwa na Windows. Kuanzia hapo, mtu akifungua ukurasa wa benki yake alikuwa anaonyeshwa cheti kilichofyatuliwa ndani ya laptopu yake mwenyewe, chenye saini ya Superfish, na alama ya kufuli ikakaa pale pale kana kwamba mambo ni shwari.

Kibaya zaidi, ufunguo wa siri wa kutia saini hizo ulikuwa mmoja kwa laptopu zote, nao ulikuwa ndani ya programu. Ni sawa na fundi aliyefunga mtaa mzima kufuli za aina moja, kisha akaacha ufunguo chini ya kila zulia la mlangoni. Tarehe 19 Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham alieleza jinsi alivyoupata: alinakili kumbukumbu ya programu ikiwa inafanya kazi, akaukuta ufunguo umefungwa kwa nenosiri, akatumia maneno yaliyokuwa katika kumbukumbu hiyohiyo kubahatisha. Nenosiri lilikuwa "komodia", jina la kampuni iliyotengeneza kile kipande cha kunasa mawasiliano. Ndiyo, jina la kampuni, kwa herufi ndogo.

Sasa tuje kwenye kuondoa. Aliyefuta VisualDiscovery kupitia Paneli Dhibiti aliona matangazo yamekoma, akaridhika. Cheti kilibaki. Windows iliendelea kuamini kila kilichotiwa saini na Superfish, na yeyote mwenye ule ufunguo, akiwa kwenye Wi-Fi moja na wewe hotelini, angeweza kukuundia benki bandia ikakubaliwa bila onyo. Kwangu mimi, programu inayojifuta ikaacha cheti cha namna hiyo haijajifuta. Ilibidi ufute programu kwanza, kisha uingie kwenye orodha ya vyeti ya Windows ukitoe cheti chenyewe, halafu uikague Firefox, kwa sababu ina orodha yake ya vyeti. Tarehe 20 Februari Microsoft iliifundisha kinga yake ya virusi, Windows Defender, kuondoa programu pamoja na cheti, na Lenovo ikatoa zana yake.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta kila kitu na kupandisha Windows upya. Ni ushauri mzuri, mradi usitumie nakala ya kiwandani iliyofichwa kwenye diski, maana hiyo huja na wageni walewale. Na hata hivyo si mara zote hutosha. Mwaka huohuo wa 2015 iligundulika kwamba baadhi ya mashine za Lenovo zilihifadhi programu nyingine, Lenovo Service Engine, ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ikijirudisha hata kwenye Windows safi. Hapo ilibidi BIOS yenyewe isasishwe. Novemba ikafika zamu ya Dell na cheti cha eDellRoot: ukikifuta, huduma ya Dell ilikirejesha. Ilibidi uisimamishe huduma, ufute faili lililokuwa likikirudisha, ndipo ukiondoe cheti. Ukipindua mpangilio, umefanya kazi bure.

Kuhusu Superfish, mwaka 2017 Lenovo ilimalizana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 32. Ililipa majimbo hayo dola milioni 3.5, na ikatakiwa kuomba ridhaa ya mteja kabla ya programu za aina hiyo kufanya kazi.

Laptopu za miaka ile bado zinazunguka kwenye maduka ya mitumba. Ukinunua moja, andika certlm.msc kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua orodha ya mamlaka mzizi zinazoaminiwa, utafute majina mawili: Superfish, Inc. na eDellRoot. Ukiliona mojawapo, usiingize nenosiri la benki wala la barua pepe kwenye mashine hiyo mpaka uwe umekitoa cheti hicho.