Pongezi kwa Fundi wa Amplifaya

Fundi redio anayeunda amplifaya ndogo ya spika mbili husifiwa kwa muziki. Anastahili sifa kubwa zaidi kwa kazi isiyosikika: kuulisha mtambo wake umeme safi.

Chukua chipu maarufu ya TDA2030. Kikomo chake ni volti 18 kila upande. Fundi mjuzi huchagua transfoma ya 12-0-12, maana volti hizo 12 zikishapita kwenye diodi na kujaa kwenye kapasita hupanda hadi karibu 16. Anayetamani nguvu zaidi akafunga ya 15-0-15 hupata kama 20, na chipu huungua. Hesabu hiyo ni ufundi kamili, wala si kubahatisha.

Halafu kuna mvumo. Umeme wa Tanzania na Kenya huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ukinyooshwa, hubakiza mawimbi 100 yanayolia kama nyuki ndani ya spika. Kapasita nene ya mikrofaradi 4,700 huyatuliza, na waya zote za ethi hulehemiwa sehemu moja.

Umeme usipofika, betri ya volti 12 na chipu ya TDA7297 zinatosha. Fundi makini huweka fyuzi karibu kabisa na betri.