Aliyetangulia

Watu wakisikia kwamba ujanani nilikuwa mpanda milima, huniuliza habari za kilele. Baridi ilikuwaje? Theluji uliishika? Ulilia? Nami kila mara hutamani kuwasimulia habari za visigino vya mzee aliyekuwa mbele yangu. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895 juu ya bahari, na anayefika hukaa pale kitambo kidogo tu kabla baridi haijamwondoa. Kupanda kutoka lango la Marangu ni suala la siku kadhaa, na karibu muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye viatu vya mwongozaji wetu. Nimeishi kuona mafundi wengi, wa mbao, wa chuma, wa kushona. Sijaona ufundi ulionipendeza kuliko ule wa mtu anayejua kumpandisha mwenzake mlimani na kumrudisha salama.

Tulikuwa vijana wa Moshi. Kibo tulikiona tangu utotoni, kikiwa wazi asubuhi na kujifunika mawingu kabla ya mchana. Tulikwisha kusimuliwa jinsi Mawenzi, mvivu wa kutunza moto wake, alivyokuwa akienda kwa Kibo kuomba makaa, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, ndiyo maana hadi leo kichwa chake kimejaa mapengo. Masweta tuliazima kwa wajomba. Miguu yetu ilikuwa ya wacheza mpira, na tulipoingia msituni ilitaka kukimbia. Mzee akasimama mbele. Hakutukaripia wala kutuhutubia. Alianza kutembea, na ikawa wazi kwamba hakuna wa kumpita.

Ule mwendo wake ningependa kuueleza vizuri, maana ndani yake mlikuwa na elimu yote. Alitua unyayo mzima, si vidole. Goti la nyuma alilinyoosha kwanza, uzito ukakaa kwenye mfupa kwa nukta moja, msuli ukapumzika, ndipo mguu mwingine ukanyanyuka bila haraka. Pumzi ilifuata hatua. Aliyekuwa dhaifu kuliko wote alimweka nyuma yake kabisa, na mwendo wa huyo ukawa mwendo wa kundi zima. Kisha, bila kugeuka, alikuwa akiuliza vijiswali. Shangazi yako yuko wapi siku hizi? Kahawa mmeshachuma? Nilichukua muda kutambua kwamba jibu lenyewe hakulihitaji. Alikuwa akisikiliza pumzi inakatikia neno la ngapi. Ikikatika mapema, hatua zake zilipungua urefu, na hakuna aliyeaibishwa.

Sababu ya upole huo imo katika hewa. Kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, na mwili huhitaji siku, si saa, kujizoesha. Ndiyo maana pale Horombo, mita 3,720, wenye busara hulala usiku wa ziada. Mchana hupanda hadi kwenye miamba yenye milia kama ya pundamilia, hukaa kidogo, kisha hushuka kulala palepale walipoamkia. Kijana huona kama ni siku iliyopotea. Mzee alitupitisha siku hiyo akituonyesha miti ya dendrosenesio inavyoyaacha majani yake makavu yabaki shinani yakiukinga mti na baridi ya usiku, na lobelia zinavyofumba majani jua likizama. Nadhani alitaka tuone kwamba hata mimea ya kule juu ina taratibu zake za kuishi, na mgeni lazima awe na zake.

Sitawatendea haki wapagazi nisipowataja, au wagumu, kama wanavyojiita. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20. Kanuni haisemi jinsi ya kuufunga usiyumbe, ya kuutua juu ya kata ya nguo kichwani na kupita kwenye mawe yenye umande mikono ikining'inia huru. Hao walikuwa wakitupita wakitusalimu kwa sauti kamili, na tulipofika kambini chai ilikuwa imeiva. Kutoka kwenye kijito cha mwisho, kabla ya ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, walibeba hata maji ya kupikia. Mpishi alijua jambo ambalo mimi nililisoma baadaye darasani: huko juu ya mita 4,700 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa hiyo maharage hayaivi hata uyakeshee. Yake aliyapika chini, akapanda nayo yakiwa tayari.

Usiku wa mwisho watu huondoka karibu na saa sita. Changarawe wakati huo huwa zimeshikwa na baridi na mguu haurudi nyuma sana. Jua likishazilegeza, kila hatua mbili hukugharimu moja. Tulikwenda kwa kukata kona kushoto na kulia, tukapumzika penye pango lililopewa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa safari hiyo, sikufundishwa shuleni. Nililisikia hapo pangoni, kutoka kwa mzee, akilitaja kwa heshima ya mtu anayemtaja babu wa kazi yake.

Juu kidogo ya pango, mwenzetu mmoja, mwenye nguvu kutushinda wote, alianza kuyumba. Mzee akammulika tochi kwenye midomo, akamwambia atembee hatua chache kwenye mstari ulionyooka, akatazama. Maji yanaweza kujaa kwenye ubongo au mapafu, na dawa ya uhakika ni kushuka. Kijana alibisha, karibu alie. Mzee akamfunga vizuri skafu, akasema: "Mwanangu, mama yako alinikabidhi mtu, hakunikabidhi picha." Akamkabidhi kwa msaidizi wake, wakashuka pamoja.

Sisi tulifika. Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi, na mzee akatuonyesha kwa fimbo mahali barafu ilipokuwa ikiishia alipoanza kazi. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka, na yeye sehemu ya upungufu huo aliipima kwa macho yake, safari baada ya safari. Tulipoteremka hadi kambi ya Kibo, mwenzetu alikuwa ameketi jua likimpiga, anakunywa supu na kucheka.

Siku hizi wapwa zangu wakijiandaa kupanda, hunijia na maswali ya viatu na makoti. Nawajibu, lakini kwanza nawatuma wakaonane na mwongozaji wao ana kwa ana. Wamuulize amewahi kuwarudisha watu wangapi kabla ya kilele, na alijuaje kwamba wakati umefika. Akianza kueleza taratibu, mtu mmoja baada ya mwingine, walipe na waende naye.