Chembe Sahani Hazikustahili Kuachwa Nje

Kosa lilifanyika Februari 2016. Jopo la Sepsis-3, lililofafanua upya sepsisi, lilipotoa qSOFA, kipimo cha haraka cha kitandani, kupitia jarida la JAMA, lilibakiza alama tatu tu: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, fahamu iliyobadilika, na namba ya juu ya presha isiyozidi 100. Chembe sahani zikaachwa nje.

Hatua hiyo haina utetezi wa kutosha. Miaka 20 kabla ya hapo, kundi la Jean-Louis Vincent lilizipa chembe sahani safu yake ndani ya SOFA, kipimo cha kushindwa kwa viungo: chini ya 150 (maelfu kwa mikrolita), alama moja, chini ya 100, mbili, chini ya 50, tatu, chini ya 20, nne. Mkutano wa 2001 wa kufafanua sepsisi nao ulihesabu kushuka chini ya 100 kuwa ishara ya mwili kuzidiwa. Jopo la 2016 likaibakiza SOFA katika ufafanuzi wa ugonjwa, kisha walio nje ya ICU wakapewa kipimo kisichogusa damu. Nje ya ICU ndiko mgonjwa wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, anakoanzia. Takwimu zilizoijenga na kuijaribu qSOFA zilitoka Marekani na Ujerumani, wala hakuna wodi ya Afrika iliyohesabiwa. Hoja ya kutosubiri maabara ina uzito palipo na uhaba wa mashine, lakini kipimo cha damu cha FBP kikishatoka, mstari wa PLT, yaani chembe sahani, uko hapo kwenye karatasi. Kwa nini usisomwe?

Na mstari ule unasema mengi. Mwaka 2007 watafiti wa Calgary walionyesha kwamba chembe sahani zikiamshwa kupitia kipokezi cha TLR4 hujibandika kwenye neutrofili, aina ya chembe nyeupe, nazo neutrofili hurusha nyavu za DNA. Bakteria hunaswa, lakini mishipa midogo nayo huumia. Chembe sahani zinatumika kwa kasi kubwa kuliko uboho unavyozitengeneza. Ndiyo maana 210 ya jana kuwa 90 leo ni habari nzito hata kabla presha haijaanguka.

Ufafanuzi wenyewe wa Sepsis-3 ni mzuri.

Ila vipimo na itifaki za kuazima vimeshatugharimu. Timu ya utafiti wa FEAST, iliyofanya kazi Kilifi, Muheza na Uganda, haikuazima, ilipima. Mwaka 2011 ikaonyesha kuwa watoto waliomiminiwa maji ya mshipa kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5 dhidi ya 7.3. Mwaka 2017 zikaja takwimu za Lusaka, mji ulio kwenye barabara inayovuka mpaka Tunduma: kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, chini ya itifaki ya matibabu ya mapema walikufa asilimia 48.1, chini ya huduma ya kawaida 33. Watafiti hao waliopima ndio wa kuigwa.

Mstari wa PLT una mitego yake: malaria nayo hushusha chembe sahani, na zikigandamana kwenye chupa ya EDTA mashine husoma pungufu. Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) na slaidi husaidia kutenganisha. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 ulishauri qSOFA isitumike peke yake kuchuja wagonjwa, lakini haukuurudisha mstari wa PLT. Kwa hiyo mgonjwa anayehamishiwa Vwawa au Mbeya asafiri na FBP zote mbili, ya kwanza na ya marudio, saa zikiwa zimeandikwa.