Mfasiri Asiyetia Saini

Wahakiki wetu wamezoea kuipima tafsiri kwa kumtazama aliyeifanya. Mwalimu Julius Nyerere alipoipa tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kalamu haikumteleza. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka 2, na neno “mabepari” lilibeba hukumu ambayo neno “wafanyabiashara” lisingeweza kuibeba. Wapo wanaoukubali uamuzi ule na wapo wanaoukataa, lakini wote wanamjua wa kumhoji. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya mwaka 1963 aliirudia mwenyewe, akaitoa upya mwaka 1969. Ndiyo ada ya mfasiri aliyetia saini: hukosolewa, hujibu, hujisahihisha.

Sasa amekuja mfasiri wa namna nyingine, naye makazi yake yamo ndani ya kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti. Google ilikitia Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri mwaka 2009, na mwaka 2010 huduma hiyo ikaingizwa katika kivinjari cha Chrome. Msomaji hana haja tena ya kunakili maneno na kuyapeleka kwingine. Ukurasa wa lugha ya kigeni ukifunguka, huulizwa kama angependa kuusoma kwa lugha yake. Mwaka 2023 Firefox nayo ilileta mashine inayofasiri ndani ya kompyuta ya msomaji mwenyewe, bila kuyatuma maneno yake kwenye mitambo ya mbali. Hilo la kulinda siri ya msomaji ni jema na lastahili sifa, ingawa lugha zilizotangulia kunufaika zilikuwa za Ulaya.

Sina ugomvi na kitufe hicho katika habari za bei ya mafuta au masharti ya viza. Kijana wa huku kwetu Madale, ambaye maktaba yake ni simu iliyo kiganjani, anafaidika nacho, na ni haki yake. Ugomvi wangu unaanza pale ukurasa uliofunguliwa unapokuwa wa shairi.

Tuutazame mshororo huu, nilioutunga kwa ajili ya makala haya:

Ndoo kwangu ewe mwenza, moyo wangu upumue.

Msomaji wa Lamu au Mombasa haoni tatizo: “ndoo” ni “njoo”, kama vile “ndia” ilivyo “njia”. Mashine haina sikio la lahaja ila imelishwa maandishi ya lahaja hiyo. Hujifunza kwa kulinganisha sentensi nyingi mno za lugha mbili, ikakisia neno lipi huandamana na lipi. Na Kiswahili kinachopatikana kwa wingi katika maandishi ya aina hiyo ni kile sanifu, cha habari, Biblia na nyaraka. Kwa kisio hilo, ndoo ni chombo cha kuchotea maji. Ameitwa mpenzi, kikaja chombo.

Kosa hilo angalau huchekesha, na anayecheka hushtuka. Lililo zito zaidi halichekeshi. Ubeti unaofuata ukisema “akaja”, Kiingereza kitadai kujua kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakidai. Mashairi yetu ya mapenzi na ya mafumbo yamesimama juu ya ukimya huo: anayeitwa aweza kuwa mke, mume, rafiki, nchi, hata nafsi ya mshairi. Mfasiri mwanadamu naye hubanwa na Kiingereza, lakini hujieleza katika dibaji, au huipinda sentensi ili siri isifichuke. Mashine huchagua lile iliyolizoea zaidi, kisha humpa msomaji ukurasa safi usio na alama yoyote ya shaka. Kwa hiyo, pamoja na vina na mizani, limepotea swali ambalo mshairi alikusudia lisijibiwe, na msomaji hajui kwamba liliwahi kuulizwa.

Dawa haikosekani. Mwaka 2018 Google ilianza kuonyesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya maneno na sentensi, zikiwemo za kutoka Kituruki, lugha isiyotenganisha jinsi katika viwakilishi vyake. Basi mashine yaweza kukiri kwamba imechagua. Kivinjari kinachofasiri shairi kifanye vivyo hivyo: kipigie mstari neno lenye shaka, na kiliache shairi la asili lionekane kando. Nasi tunaochapisha mashairi tutaje lahaja juu ya kila shairi na tutoe maana za maneno chini yake. Ufafanuzi huo utamfaa mjukuu wetu aliyezaliwa Muscat au London leo, na huenda ukaifaa mashine kesho.

Kwa sasa, mpenzi msomaji, ukikibonyeza kitufe hicho mbele ya shairi, usiishie kwenye tafsiri. Rudi kwenye asili uisome kwa sauti, hata kama maneno mengine hayakufunukii. Mizani utaisikia.